GOBORI LA KWANZA: MKULIMA ACHAGUE TUNDU LA UPANA GANI?

Ndugu Mkulima,

Kila mwaka mpunga unapoanza kutoa masuke, na mahindi yanapoanza kuota ndevu, watu hunijia wakiwa na swali moja: "Bwana Shamba, nataka kununua gobori la kulindia shamba. Je, ninunue lenye tundu la upana gani?" Lakini mara nyingi yule aulizaye huwa amekwisha kujijibu moyoni mwake kabla mimi sijafumbua kinywa. Anataka tundu pana. Anataka gobori ambalo likilia, watu wa ng'ambo ya mto wajue kuwa yeye naye ana gobori.

Haja yake ni ya kweli, wala siicheki. Kundi la nguruwe likiingia shambani usiku mmoja laweza kumaliza kazi ya miezi minne, nao nyani huja mchana kuokota yaliyosalia. Mtu aliyelima kwa jembe la mkono, akapalilia mara mbili, kisha akaamka asubuhi akakuta shamba limefukuliwa lote, hana haja ya kuelezwa njaa ni kitu gani. Kwa hiyo sisemi kwamba mkulima asitafute silaha. Nasema hivi tu: kwa gobori la kwanza, tundu pana ni kosa, na tundu jembamba mno ni kosa la pili. Lililo jema ni la katikati, yapata nusu inchi. Soma hata mwisho, ndipo unipinge ukitaka.

Kabla ya yote, jambo moja ambalo halina mashauri. Katika Tanzania gobori ni silaha kama silaha nyingine, nayo Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya mwaka 2015 yataka mwenye silaha awe na leseni. Tena Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 ndiyo inayoongoza mambo ya kuua wanyama wa porini. Basi nenda kwanza polisi, kisha kwa afisa wa wanyamapori, ukaulize waziwazi ni mnyama gani unayeruhusiwa kumpiga katika shamba lako na kwa masharti gani. Asiye na leseni asisome karatasi hii kama ruhusa. Aisome kama elimu, akaitafute leseni.

1. NILIYOYAONA MWENYEWE

Nilipokuwa na miaka 19, marehemu mjomba wangu aliniweka katika dungu lake kando ya mto nilinde mpunga usiku, akanipa gobori lake. Jambo hilo halikuwa halali, maana leseni ilikuwa yake wala si yangu, nami nalisema leo ili mwingine asilirudie. Tundu la gobori lile lilikuwa pana hata likameza kidole changu cha gumba. Mjomba alilipenda sana, na kijiji kizima kililijua kwa mlio wake.

Mara ya kwanza nilipolipiga, tako lilinisukuma begani hata nikaanguka kitako katika dungu. Bega likavimba. Usiku wa pili nguruwe walikuja tena, nami nikalenga kama nilivyoelekezwa, lakini kabla kidole hakijafyatua, macho yalifumba yenyewe na bega likarudi nyuma. Mwili ulikuwa umekwisha kujifunza kuogopa. Gololi ilipita juu ya nguruwe, ikaenda kupasua nguzo ya dungu la jirani, yapata hatua 150 kutoka kwangu. Katika dungu lile alikuwa amelala mtoto wa jirani, naye hata hakuamka. Kulipokucha tulikwenda kupima: toka tundu lililo katika nguzo hata mahali alipolaza kichwa palikuwa na shibiri 2.

Mjomba hakunipiga wala hakunigombeza. Alilifunga gobori katika kitambaa, akaliweka, na msimu ule tukalinda kwa madebe na moto. Nguruwe walikula nusu ya mpunga. Hivyo gobori lenye mlio mkubwa kuliko yote kijijini halikuokoa hata kikapu kimoja, na lilikaribia kutuachia msiba. Wazee walisema kweli: debe tupu haliachi kuvuma.

Yule mtoto sasa ni mtu mzima mwenye mke na shamba lake. Mwaka huu yeye ndiye aliyenijia akasema, "Shikamoo, Bwana Shamba. Nimepata leseni. Ninunue lenye tundu gani?" Haya niliyoyaandika hapa ndiyo niliyomjibu.

2. JINSI TUNDU LINAVYOPIMWA

Tundu la mtutu hupimwa kwa njia mbili, na asiyezijua zote mbili atadanganywa sokoni.

Njia ya kwanza ni kwa sehemu za mia za inchi. Ukiambiwa bunduki ni ya 50, maana yake tundu lake lina upana wa sehemu 50 katika mia za inchi, yaani nusu inchi, au milimita 12.7. Ya 36 ni milimita 9.1, ya 45 ni milimita 11.4, ya 54 ni milimita 13.7. Hapa namba ikizidi, tundu nalo limezidi.

Njia ya pili ni ya zamani zaidi. Mafundi walichukua ratili moja ya risasi, yaani gramu 454, wakauliza: gololi ngapi zilizo sawa na tundu hili zitatoka humo? Zikitoka 12, bunduki ni namba 12. Zikitoka 24, ni namba 24. Basi hapa namba ikizidi, tundu limepungua. Namba 12 ina upana wa milimita 18.5, namba 20 ni milimita 15.6, na namba 24 ni milimita 14.7. Ile nusu inchi yetu ingekuwa kama namba 37. Nimemwona mtu akilipa bei zaidi kwa namba 12 akidhani ni ndogo na nyepesi, na mwingine akiikataa namba 24 kwa kuogopa ukubwa wake.

Ukiletewa gobori lisilo na alama, usikubali neno la muuzaji. Kwanza hakikisha kuwa halina kitu ndani: ingiza mdeki mpaka ukome, utie alama ya kidole mdomoni mwa mtutu, uutoe, kisha uulaze nje kando ya mtutu. Ukionekana haukufika shina, basi humo ndani muna kitu, labda gololi na baruti iliyosahauliwa tangu mwaka juzi, wala usiendelee mpaka fundi mwenye kibali alitoe. Likiwa tupu, fundi mwenye kalipa atakupimia tundu kwa dakika moja. Pima mdomoni kwa kuzungusha, mara mbili au tatu. Vipimo vikitofautiana, tundu limelika, na gobori hilo si la kununua.

3. HESABU YA GOLOLI

Katika shule ya misheni nilikosomea, mwalimu wetu wa hesabu alikuja siku moja na mche wa sabuni na kisu. Akakata kipande chenye urefu, upana na kimo cha inchi 1. Kisha akatuuliza: kipande chenye inchi 2 kila upande kitakuwa na sabuni mara ngapi ya hiki? Sote tulijibu, "Mara mbili." Akapanga vipande vidogo mpaka vikafanya kimoja kikubwa, akatuhesabisha. Vilikuwa 8.

Gololi nayo ni vivyo hivyo. Upana ukiongezeka mara 2, uzito huongezeka mara 8. Tazama hesabu hii ya gololi za risasi tupu. Gololi zenyewe hufanywa ndogo kidogo kuliko tundu, kwa sababu nitakayoieleza mbele:

Tundu la 36: gololi 1 ina gramu 4.2; kilo 1 ya risasi hutoa gololi 240 hivi.
Tundu la 45: gramu 8.3, kilo 1 hutoa 120.
Tundu la 50: gramu 11.5, kilo 1 hutoa 87.
Tundu la 54: gramu 14.5, kilo 1 hutoa 69.
Tundu la 58: gramu 18, kilo 1 hutoa 55.
Namba 12: gramu 32, kilo 1 hutoa 31.

Namba 12 ina upana wa mara 2 tu ya tundu la 36, lakini gololi yake ni nzito karibu mara 8. Nawe mkulima ndiwe unayenunua risasi. Kwa kilo moja, mwenye tundu la 50 atapiga mara 87, na mwenye namba 12 atapiga mara 31. Na baruti vivyo hivyo, kwa kuwa gololi nzito hutaka baruti nyingi kuisukuma.

Wengine watasema, "Lakini mimi nitapiga mara chache tu kwa mwaka." Hapo ndipo kosa lilipo. Anayepiga mara chache hajifunzi. Kabla hujamwelekezea mnyama mtutu, sharti uwe umepiga mara 30 au 40 katika shabaha, mbele ya kichuguu au ukingo wa udongo, mahali palipoagizwa na wenye mamlaka. Weka karatasi iliyo sawa na sahani ya kulia, kwa hatua 40. Siku utakapotia gololi 5 mfululizo ndani ya sahani, siku hiyo umekuwa mlinzi wa shamba. Mwenye gobori la bei nafuu kulisha atajizoeza. Mwenye gobori la ghali atasema, "Nisipoteze baruti," na zoezi lake la kwanza litakuwa usiku, mbele ya nguruwe, na dungu la jirani nyuma yake.

4. TUNDU LIFUATE MNYAMA

Historia ya bunduki za kushindilia yatufundisha jambo hili vizuri. Katika karne ya 18 mafundi wenye asili ya Ujerumani na Uswisi walikaa Pennsylvania, Marekani. Bunduki walizozijua kwao zilikuwa fupi na zenye tundu pana. Lakini mwindaji wa huko alikwenda msituni kwa majuma mengi akichukua risasi na baruti yake mgongoni. Basi mafundi wakarefusha mtutu na kulipunguza tundu, mara nyingi likawa kati ya 40 na 50, nayo ikawatosha kwa ayala na wanyama wa kiasi hicho. Baadaye, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wawindaji walipokwenda magharibi kwenye nyati wa Marekani na dubu wakubwa, ndugu wawili Jacob na Samuel Hawken walitengeneza huko St. Louis bunduki zenye tundu pana tena, nyingi zikiwa za 50 na za 54. Hawakuongeza tundu kwa kupenda mlio. Walikutana na mnyama mkubwa zaidi, wakaongeza kwa kadiri ya haja.

Hata leo, katika jimbo la Colorado huko Marekani, sheria ya uwindaji wa bunduki za kushindilia yataka tundu lisilopungua 40 kwa ayala, na lisilopungua 50 kwa elk, mnyama mwenye kilo 200 na zaidi.

Sasa tutazame mashamba yetu. Adui wetu mkubwa ni nguruwe mwitu, na mzima huwa na kilo 50 hata kupita 100. Nyani dume huwa na kilo 20 na zaidi. Tumbili hafiki kilo 10. Kwa tumbili na kanga, tundu la 36 lingetosha. Lakini kwa nguruwe ni dogo mno: litamjeruhi, naye atakimbilia kichakani akiwa na uchungu na hasira, na asubuhi mama mmoja akienda kuchota maji atakutana naye njiani. Kumjeruhi mnyama na kumwacha ni ukatili kwake na hatari kwa jirani. Kwa hiyo mwenye kushauri tundu jembamba kwa ajili ya kuokoa risasi, naye namkataa.

Tundu la 45 laweza kumwua nguruwe, mpigaji akiwa hodari na mnyama akiwa karibu amesimama ubavu. Lakini mwanafunzi si hodari bado, na nguruwe wa usiku hasimami apendavyo mpigaji. Tundu la 50 lina gololi nzito kuliko la 45 kwa zaidi ya theluthi, na bado bega la mtu wa kawaida lastahimili. La 54 ni jema pia kwa mtu mwenye mwili na aliyekwisha kuzoea. Zaidi ya hapo, katika mashamba yetu, hakuna mnyama wa kulitakia. Tembo, kiboko na nyati si wa gobori, wala si wa mkulima. Hao waitie maafisa wa wanyamapori, wala usijaribu.

5. JE, NA MAGOBORI LAINI YA WAZEE?

Wazee wengi watanipinga hapa, nao wana neno. Watasema: "Magobori yetu hayana mifuo ndani ya mtutu. Tena tundu pana laweza kutia gololi leo na marisaa kesho. La nusu inchi lenye mifuo hupiga gololi tu." Ni kweli. Mifuo ile inayozunguka ndani ya mtutu huizungusha gololi ili iende moja kwa moja, lakini huyatawanya marisaa vibaya. Basi mwenye kusumbuliwa na kanga na kwale kuliko nguruwe, laini lamfaa.

Yafaa pia tujue kwa nini tulizoea laini. Si kwamba mababu zetu hawakujua kulenga. Katika Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890 mataifa yalikubaliana kuzuia bunduki kuingizwa Afrika, toka nyuzi 20 kaskazini hata nyuzi 22 kusini mwa ikweta, na hasa zile zenye mifuo. Magobori ya gumegume yasiyo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida, ndiyo yaliyoweza kuruhusiwa kwa masharti. Mazoea yetu yalichaguliwa na wengine. Sisi tuna hiari ya kuyapima upya.

Na hata kwa laini, sioni sababu ya namba 12. Huko Kanada na kaskazini mwa Marekani, kwa muda mrefu, wenyeji waliuziwa na makampuni ya biashara ya ngozi gobori laini la namba 24, jepesi, la kupigia gololi na marisaa pia. Watu waliokula kwa bunduki, wasiokuwa na shamba wala duka, waliridhika na namba 24. Basi mkulima wa mpunga atakosa nini kwa namba hiyo? Ukinunua laini, usipite namba 20 kwa upana. Namba 24 ni bora. Nawe ujue mpaka wake: gololi katika mtutu laini haiaminiki kupita hatua 40 hivi. Mtutu wa 50 wenye mifuo, mikononi mwa aliyejizoeza, utakufikisha hatua 75 mchana. Usiku hesabu nyingine: usipige usichokitambua, hata kikiwa hatua 20.

6. GOLOLI IKAE SAWA KATIKA TUNDU

Upana wa tundu ni nusu ya maneno. Nusu ya pili ni kwamba gololi ikubaliane na tundu hilo. Nimeahidi kueleza kwa nini gololi hufanywa ndogo kidogo. Ni kwa sababu haishuki peke yake: huvikwa kitambaa kilichopakwa mafuta, kitambaa kikajaza nafasi iliyobaki, kikashika mifuo. Kwa tundu la 50, gololi huwa na upana wa sehemu 49 za mia za inchi. Kitambaa kiwe cha pamba tupu, kama marekani iliyofuliwa, na mafuta yawe ya mnyama. Nguo za nailoni huyeyuka kwa moto wa baruti, zikaharibu mtutu.

Gololi iwe ya risasi laini, iliyomiminwa katika kalibu yake. Uimimine nje penye upepo, mbali na watoto na vyombo vya kulia, kwa kuwa moshi na vumbi la risasi ni sumu. Tena nawa mikono kabla ya kula. Usitie gololi za chuma za baisikeli na magari. Chuma hakilainiki, hukwaruza mtutu, na kikigonga jiwe hurudi kwa aliyekipiga. Wala usitie misumari na kokoto. Aliyenunua gobori la upana usiojulikana ndiye anayefika huko, maana hapati gololi yake popote. Hii ni sababu nyingine ya kuchagua 50: kalibu na gololi za upana huo ni miongoni mwa zinazotengenezwa kwa wingi zaidi duniani kwa bunduki za namna hii.

Baruti iwe nyeusi, ile iliyotengenezwa kwa bunduki za kushindilia. Baruti isiyo na moshi, itokayo katika risasi za bunduki za kisasa, ukiitia katika gobori mtutu utapasuka usoni mwako. Usitie vichwa vya viberiti. Kipimo cha kuanzia, kwa mtutu uliotengenezwa kiwandani, ni greni moja kwa kila sehemu ya upana: tundu la 50 lianze na greni 50, yaani gramu 3 na robo. Kisha uongeze kidogo kidogo ukitazama shabaha, wala usipite kiasi alichoandika mtengenezaji. Mimina katika kipimo kwanza, kisha kutoka katika kipimo umimine mtutuni. Usimimine moja kwa moja kutoka katika chombo cha akiba, maana cheche moja iliyosalia ndani itakipasua mkononi.

Tena gololi ishindiliwe mpaka ikae juu ya baruti. Ikibaki katikati ya mtutu, penye nafasi wazi, mtutu waweza kupasuka. Tia alama katika mdeki uone imefika. Mwisho wa kazi, osha mtutu kwa maji ya moto siku ileile, ukaushe, upake mafuta. Uchafu wa baruti nyeusi huvuta unyevu, na kutu hula chuma mpaka tundu la 50 likakoma kuwa la 50.

Kuhusu magobori yaliyochongwa kwa mabomba ya maji, neno langu ni moja. Bomba la maji halikufanywa kuzuia moto wa baruti. Upana wake haujulikani, nguvu yake haijulikani, nalo halina leseni. Nimesalimiana na wanaume wawili kwa mkono wa kushoto kwa sababu ya mabomba hayo, kwa kuwa wa kulia hawanao mzima.

7. MANENO YA MWISHO

Najua wako watakaosema kwamba Bwana Shamba angeshughulika na mbegu na mbolea, akawaachia wengine mambo ya bunduki. Lakini mavuno yaliyoliwa na nguruwe usiku ni sawa na mbegu ambayo haikupandwa. Hata hivyo nawasihi: gobori liwe la mwisho, wala lisiwe la kwanza. Fyeka pori lililo kando ya shamba ili nguruwe wasipate mahali pa kujificha. Limeni mashamba yenu pamoja, mpate kulinda kwa zamu. Jengeni boma la miti au miiba pale mnapoweza. Aliyefanya hayo yote ndiye atakayefyatua mara chache, tena kwa utulivu.

Na siku utakapolinunua, usiulize, "Litalia namna gani?" Jiulize maneno manne: Ni mnyama gani ninayeruhusiwa kumpiga? Bega langu lastahimili kiasi gani? Nitapata wapi gololi iliyo sawa na tundu hili? Na nyuma ya mnyama yule, amelala nani? Ukiyajibu hayo kwa uaminifu, nadhani utaona, kama mimi nilivyoona baada ya kukosea, kwamba nusu inchi yatosha.

Yule kijana wa dungu alinunua la 50. Amejizoeza kwa miezi 2, na juma lililopita alinionyesha karatasi yake yenye matundu 5 ndani ya sahani. Nikamwuliza amekwisha kupiga nguruwe wangapi. Akanijibu, "Bado, Bwana Shamba. Juzi walikuja, lakini nyuma yao palikuwa na dungu la jirani, nikaacha nikapiga debe." Nikamwambia kwamba amefuzu.

Mimi niliye mtumishi wenu,
BWANA SHAMBA